Umeme Hauna Ndugu

Kuna uongo mmoja ambao mafundi wa televisheni na redio hapa Mbinga mjini tunautumia wote, na hakuna aliyetufundisha. Mteja akiuliza, "Fundi, kwani imeharibiwa na nini?" sisi tunajibu, "Umeme, mama. Umeme tu." Tunajibu hivyo hata tukikuta ndani uji uliomwagwa na mtoto, au panya amezalia humo, au baba mwenye nyumba alishakorogakoroga na bisibisi yake kabla hajakiri kwamba kazi imemshinda. Umeme hauna ndugu. Ukiusingizia hakuna anayenuna, hakuna ndoa inayotikisika, na mteja anakwenda zake akiulaani njia nzima. Nimesema uongo huo mara nyingi kuliko nilivyosali, na usingizi haukunipaa. Mara moja tu ndiyo uongo huo ulinitokea puani, na ninaandika haya kwa sababu nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Niliyemfanyia kosa alikuwa shemeji yangu. Niliyekuwa nikimlinda alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, na lazima nianze na yeye.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Mama mkubwa alishuka kwa miguu kutoka kwake upande wa Mkumbi, akazika, akaosha vyombo vya msiba, kisha akanibeba mgongoni njia yote ya kurudi ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea na miguu yangu ilikuwa inagonga magoti yake. Alinilea pamoja na wanawe wawili wa kiume na hakuwahi kunipimia chakula. Nilipotaka kusomea ufundi, aliuza kahawa ya mwaka mzima, na mwaka huo alivaa kanga moja mpaka ikawa inaonyesha upande wa pili. Ni mkali wa maneno. Ukichelewa kuamka anakuuliza kama umezaliwa leo. Lakini mimi ninayeandika hapa, kila skrubu ninayoifungua naifungua kwa jasho lake.

Mwanawe mkubwa, ambaye kwangu ni kaka, alirithi shamba la kahawa la baba yake. Alimtoa mke ziwani, kwa Wanyasa, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Kwetu huku milimani mwanamke wa ziwani ana kasoro hata kabla hujajua jina lake: hajui kulima ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Shemeji alijifunza. Baada ya misimu michache alikuwa anachimba ngoro zilizonyooka kuwapita mabinti waliozaliwa hapohapo. Hata hivyo aliendelea kuitwa Mnyasa, na alikuwa anacheka akiitwa hivyo. Walizaa watoto watatu. Mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei, kaka alinunua televisheni ya inchi thelathini na mbili, na mimi ndiye niliyemfungia.

Kisha kaka akaugua ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, na hospitali ikatuambia tumrudishe nyumbani akapumzike, maneno ambayo kila mtu anajua maana yake. Walimwekea kitanda sebuleni mbele ya televisheni. Alikaa hivyo wiki tano au sita. Mimi nilikwenda mara mbili tu, kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi, na kwa sababu niliogopa macho yale.

Siku tuliyomzika, tulipotoka makaburini, mama mkubwa aliingia sebuleni akasimama mbele ya televisheni. Kwetu nyumba ya msiba haipigi redio wala haiwashi televisheni mpaka matanga yaishe siku ya arobaini, na watu wengi siku hizi huifunika kabisa. Alitundika shuka jeupe mbele ya kioo. Halafu akachukua blanketi zito la marehemu, lile alilojifunika wakati wote wa ugonjwa, akalikunja mara mbili, akalitupia juu ya televisheni mpaka likaning'inia nyuma hadi mezani, king'amuzi nacho kikabaki humohumo ndani. Juu ya blanketi akaweka rozari ya mwanawe. Alifanya yote hayo polepole, kama anayemlaza mtoto.

Kupitia shuka lile niliona taa mbili, nyekundu ya televisheni na ya kijani ya king'amuzi. Fundi ni fundi hata msibani. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye soketi.

"Acha," mama mkubwa akasema.

"Nazima tu hapa ukutani, mama."

"Yeye ndiye aliyeizima kwa mkono wake. Itakaa hivyohivyo alivyoiacha."

Nikarudisha mkono. Marehemu alikuwa ameizima kwa rimoti, na kuzima kwa rimoti si kuzima. Televisheni inalala jicho moja wazi, umeme unaendelea kuingia, na king'amuzi kilichoachwa kinawaka kinachemka usiku na mchana. Vitu hivyo vinataka hewa. Lakini nani angemweleza habari za joto mama aliyetoka kumfukia mwanawe? Tena ilikuwa mwezi wa sita. Huku kwetu mwezi wa sita tunakunywa chai na makoti mwilini, na hakuna mtu anayefikiri kwamba kitu kinaweza kufa kwa joto Mbinga. Nikajiambia siku arobaini si nyingi.

Siku ya kumaliza matanga nilichelewa kufika, nilikuwa namalizia kazi ya mtu. Nilipopanda kwa bodaboda na mkoba wangu wa vifaa nilitarajia kusikia makelele kuanzia barabarani, maana ile ni siku ya kula, na komoni, pombe yetu ya kienyeji, ilikuwa imepikwa madebe mengi. Nikakuta ua umejaa watu na hakuna anayeongea. Mama mkubwa alikuwa amekaa mkekani. Shemeji alisimama mlangoni pa jiko, mtoto mdogo mgongoni, na nguo zake bado zilikuwa nyeusi.

Mzee wa ukoo, kaka yake baba wa marehemu, alinieleza baada ya salamu. Asubuhi katekista alisali, mama mkubwa akaondoa rozari na blanketi na shuka, akabonyeza rimoti ili watoto waangalie, maana ndiyo ishara kwamba nyumba imerudi duniani. Televisheni haikuwaka. Hata taa nyekundu haikuwepo. Wakabonyeza, wakapiga kofi, wapi. Hapo mdogo wake marehemu akasema yeye hashangai. Akasema kwa wiki mbili nzima, akipita alfajiri kwenda kwenye mtambo wa kukoboa kahawa, alikuwa anaona mwanga wa buluu unacheza kwenye pazia la sebule ya kaka yake. Anaona, ananyamaza, kwa kuheshimu msiba.

"Mwanangu, umefika wakati wake," mzee akaniambia. "Mwanamke anayeangalia picha na matanga ya mumewe hayajaisha, huyo hana msiba. Hawezi kukaa katika nyumba hiyo. Atarudi kwao, na watoto ni wa ukoo, watabaki. Kama hakuangalia, tutamwomba radhi hapa hapa mbele ya watu, nyumba na kahawa ni vyake na wanawe. Hatutaki kumwonea mtu. Fungua hicho kitu utuambie."

Shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Sikuiwasha, baba. Sikuigusa kabisa." Mtu mmoja akakohoa.

Wakanitolea meza barazani, wakavuta waya wa umeme na wa king'amuzi kutoka ndani. Nikaigeuza televisheni kifudifudi, nikafungua skrubu, nikaondoa mgongo wake. Harufu ilinipokea kwanza, ya kitu kilichookwa taratibu. Mende watano au sita walikuwa wamekauka pembeni ya bodi ya umeme; walifuata joto, maskini.

Nikapima fyuzi. Ilikuwa nzima. Hapo tu nilishapata nusu ya jibu, kwa sababu umeme ukija na hasira, wa kwanza kufa ni fyuzi. Amewekwa pale afe yeye, wengine wapone. Nikachomeka, nikapima kwenye kapasita kubwa ya mwanzo, kile kikopo kinachotunza umeme. Volti mia tatu na kitu, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo umeme ulikuwa unaingia vizuri na hakuna kilichopasuka. Nikahamia upande wa pili, unakotoka umeme mdogo wa kuiamsha televisheni. Palitakiwa pawe na volti tano. Mita ilinionyesha mbili na nukta kadhaa, na namba haikutulia, ilikuwa inaruka juu na chini. Nikatazama kapasita za upande huo. Mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na gundi iliyozishikilia, ambayo huwa nyeupe, ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Joto. Tena si joto la saa moja wala la kuangalia filamu. Ni joto la wiki na wiki bila hewa.

Na kuna jambo jingine ambalo kila fundi analijua. Kapasita zikichoka namna ile, televisheni haifi ghafla. Inajaribu kujiwasha yenyewe bila mtu, kioo kinamulika, inazimika, inajaribu tena, hivyohivyo, siku hata wiki. Anayepita nje alfajiri, kabla hakujakucha, ataona mwanga wa buluu unacheza kwenye pazia, maana shuka moja jeupe halizuii mwanga, na waliolala vyumba vya ndani hawatajua. Mdogo wa marehemu hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameona kweli, na shemeji naye hakuwa ameigusa kweli.

Blanketi lilikuwa limewekwa kwenye kiti karibu yangu. Nikalinyanyua, nikatafuta ule upande uliokuwa nyuma ya televisheni. Palikuwa na doa la rangi ya chai, kubwa kama sahani. Nikalinusa. Harufu ileile.

Mama mkubwa akanyoosha mikono akalichukua kutoka kwangu. Akalipakata, akawa analipapasa, anatoa mabua ya nyasi yaliyonasa kwenye manyoya.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu nimeirudia saa hiyo kichwani kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa na ukweli wote. Nilihitaji sentensi tatu. Lakini kuzisema ilikuwa ni kusema, mbele ya ukoo wa mumewe na majirani na katekista, kwamba aliyeiua televisheni ni mama mkubwa, kwa blanketi la mwanawe, na kwamba alinikataza nisiizime. Kwetu mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya watu. Atasubiri jioni, ataingia jikoni, atachutama karibu na mafiga, atasema, "Mama, lile la mchana lilikuwa hivi." Kisha mama mwenyewe atajua jinsi ya kulipeleka kwa wazee. Ndivyo alivyonilea yeye mwenyewe. Nilipanga hivyo. Nikaona jioni si mbali.

"Ni umeme," nikasema.

Mzee wa ukoo si mjinga. "Umeme upi? Nyumba ya jirani ipo kwenye nguzo hii hii. Friji lao linagandisha mpaka leo. Umeme gani unaochagua nyumba moja?"

"Umeme hautabiriki, mzee."

"Na huo mwanga alioona huyu?"

Nikainamia mita yangu. "Hilo sijui, mzee."

"Sijui" ile ndiyo iliyomfukuza shemeji. "Umeme" ulikuwa uongo wa kazi, pengine ungesamehewa. Lakini niliulizwa swali lenye jibu, na jibu lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Ili nisitazamane na mtu, nikafanya kazi. Mkobani nilikuwa na kapasita nilizozibandua kwenye bodi mbovu. Nikang'oa zile mbili, nikachomea nyingine, nikapima. Volti tano, zimetulia. Nikaifunga, nikaisimamisha, nikabonyeza rimoti. Taa nyekundu ikawaka, kioo kikajaa rangi, wakatokea watu wanacheza mpira kwenye uwanja wa majani mabichi. Kwa muda mfupi nilifurahi, ile furaha ya kijinga ya fundi kitu kinapowaka.

Lakini haikutoa sauti. Mdogo wa marehemu akaninyang'anya rimoti akabonyeza kuongeza. Pembeni ya kioo ikatokea namba. Ilianza na sufuri.

"Sauti ilikuwa sufuri," akasema, akawageukia watu. "Mnaona? Alikuwa anaangalia kimya kimya."

Wanawake wakaguna wote kwa pamoja.

"Ni yeye mwenyewe aliyeizima sauti!" Shemeji sasa alipaza sauti, na mtoto mgongoni akaamka. "Sauti ilikuwa inamuumiza kichwa. Alitaka kuona watu tu wanatembea. Mama, si ulikuwepo? Mama, si ulikuwa unaingia unamkuta?"

Mama mkubwa alimtazama mkwewe kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni pake. Alikuwa hajalala vizuri siku arobaini.

"Mimi sijui mambo ya mashine," akasema mwishowe. "Fundi amesema."

Tukala. Ndiyo, tulikula, nyama ilikuwa imeshaiva. Jioni nilikwenda jikoni kama nilivyopanga nikakuta wanawake wa ukoo wamejaa, wanaosha masufuria, wanamsema Mnyasa. Mama mkubwa alikuwa katikati yao na hakuwa peke yake hata dakika moja. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake nilikuwa na mteja. Keshokutwa yake nikasikia shemeji ameondoka alfajiri, amepata lori hadi Mbinga na kutoka hapo gari la kushuka ziwani, ana furushi moja na yule mtoto wa kunyonya. Wale wakubwa wawili walibaki. Walinisimulia kwamba wa pili alilikimbilia lori mpaka kwenye kona, na kwamba baba yake mdogo alimrudisha amembeba begani.

Baada ya hapo neno lilianza kuchacha ndani yangu. Wiki ya kwanza nilijiambia bado mapema. Mwezi wa tatu nikajiambia sasa limepita, kulifufua ni kuleta vita. Kila nilipopanda Mkumbi na sukari na sabuni za mama mkubwa, lilinifika kooni, nikaliteremsha kwa chai. Televisheni ilikuwa imehamia kwake, pamoja na wale watoto wawili. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Mimi ni fundi mzuri, hilo hawanisingizii.

Ikapita misimu miwili ya kahawa. Mwaka huu nikaitwa Mbamba Bay kutengeneza televisheni za nyumba moja ya wageni. Kazi iliisha siku moja kabla ya muda, na miguu ikanipeleka nilikokuwa nakukwepa. Niliuliza njia, nikaonyeshwa. Nilimkuta ufukweni anaanika usipa kwenye chanja, wale samaki wadogo wa ziwani, anawatandaza kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amekonda. Mtoto aliyeondoka naye mgongoni sasa alikuwa anatembea, anafukuza kunguru kwa kijiti.

"Karibu, shemeji," akasema, kama vile nilipita jana.

Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: fyuzi, kapasita, blanketi, mwanga wa alfajiri. Nilieleza vizuri mno, kama ninayefundisha darasa, na yeye aliendelea kugeuza usipa.

"Hilo ndilo lililokuleta?" akauliza nilipomaliza.

"Ndilo."

"Hilo ninalo siku nyingi. Ulipolinyanyua blanketi ukalinusa, mimi nilikuwa mlangoni pa jiko. Nikakuona uso. Nikasema, Mungu mkubwa, fundi ameshajua. Nikangoja useme."

Ziwa lilikuwa limetulia, na watoto wa watu walikuwa wanaoga. Nilitamani anitukane.

"Hata uliposema umeme," akaendelea, "nikasema, anatafuta maneno mazuri ya kumweleza mama, sasa hivi atasema. Mlipoanza kula nilikuwa bado nangoja, shemeji. Usiku nimefunga furushi nangoja."

"Nisamehe."

Akauliza, "Wa pili ameota meno ya mbele?"

"Ameota."

"Yamekaa sawa? Maana ya baba yake yalipandana."

Sikujua. Nilikuwa nimemwona mtoto yule mwezi uliopita na sikuwa nimemtazama mdomo. Nikasema nadhani yamekaa sawa. Akaniangalia, akajua kwamba hilo nalo nabahatisha, akainama kujaza usipa uliokauka kwenye mfuko.

"Wapelekee. Kama itakuletea shida, usiseme umetoka wapi."

Maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Njia nzima ya kupanda kutoka ziwani nilishika mfuko ule mapajani na nilikuwa nalia, mtu mzima na ndevu zangu, abiria wa pembeni akajifanya analala.

Sikushukia mjini. Niliunganisha moja kwa moja hadi Mkumbi. Mama mkubwa aliupika usipa kwa nyanya, watoto wakala wakamaliza wakatoka kucheza. Nilimtazama wa pili alivyokuwa anacheka. Meno yake yamepandana.

"Usipa mzuri huu," mama mkubwa akasema, analamba kidole. "Umenunua wapi?"

"Sikununua. Umetoka kwa shemeji."

Kidole kikabaki mdomoni. Nikachutama karibu na mafiga, pale nilipotakiwa kuchutama miaka miwili nyuma, nikamwambia, "Mama, lile la siku ya matanga lilikuwa hivi." Nikasema mpaka mwisho. Sikuficha blanketi wala soketi aliyonikataza.

Alivuta kuni nje moja moja mpaka moto ukashuka. Nilidhani atalia, au atanifukuza.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilikuheshimu, mama."

"Uliniheshimu." Alilirudia neno hilo taratibu. "Ungesema, mwanangu. Ningeona aibu. Wangenicheka wiki moja, wangenicheka mbili, kikongwe ameunguza tivii kwa blanketi. Halafu wangechoka. Mimi nimezika mume, nimemzika mdogo wangu aliyekuzaa wewe, nimezika mtoto. Ulifikiri kicheko ndicho kitakachoniua?"

Nikawa nachokonoa majivu kwa kijiti.

"Nyumba tulishampa mdogo wake. Ameoa, mkewe ana mimba ya miezi saba. Kahawa ameichuma misimu miwili. Nimwambie atoke aende wapi? Na wale watoto nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba mama yao hakumlilia baba yao." Akanitazama, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama mkubwa hajui la kufanya. "Sasa hii kweli yako uliyoniletea, nikaiweke wapi?"

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda sebuleni, nami nikamfuata. Televisheni ilikuwa imezimwa kwa rimoti, na juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, kimeshuka nyuma mpaka mezani. Akakiondoa, akakikunja, akakiweka kwapani.

"Nionyeshe inapozimwa," akasema. "Kuzima kwenyewe."

Nikamwonyesha swichi ya ukutani. Hakuwahi kuigusa tangu umeme uingie nyumbani kwake, alikuwa anaiogopa. Akaibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayeua kiroboto. Ile taa nyekundu haikuzimika mara moja, kwa sababu kapasita huwa bado na umeme uliobaki ndani. Tukasimama wote wawili tukaitazama mpaka ikaisha.